Yah: Mbwa Wenu Kumkamata Jirani Yangu kwa Kosa la Kunipa Pole

Ujiji, Kigoma
19 Machi

Kwa Mkuu wa Kikosi cha Mbwa wa Polisi,
Jijini.

Ndugu Mkuu,

Natumaini wewe, maofisa wako na mbwa wote hamjambo. Mimi nina boti moja ya kuvulia dagaa. Tarehe 7 mwezi huu injini yake iliibwa stoo kwangu. Tarehe 10 mlituletea kwa ndege mbwa aitwaye Bosi, pamoja na askari wake. Tunashukuru, mtaani kwetu waliowahi kupanda ndege ni wanne tu. Bosi alinusa stoo, akazungukia ufukweni, akarudi mtaani na kulala miguuni pa Feliksi, ambaye tumepakana ukuta miaka kumi na tisa. Feliksi yuko mahabusu hadi leo, na mkewe Scola anakaribia kujifungua. Malalamiko yangu ni haya:

1. Huku kwetu mtu akiibiwa, majirani huja kumpa pole kama msibani. Kwa mujibu wa shajara yangu, kati ya tarehe 7 na 10 walifika watu sitini na mmoja. Kila mmoja aliomba aonyeshwe mahali injini ilipokuwa, akaushika ubao nilioitundikia, akatikisa kichwa. Feliksi alikuja mara sita. Alilia kuliko mimi, na ndiye aliyenifagilia stoo. Lazima harufu yake ilizidi za wenzake. Kosa lake ni huruma.

2. Kama harufu ni ushahidi, basi haki iwe sawa kwa wote. Naambatisha majina sitini yaliyobaki. Namba 14 ni imamu wetu na namba 15 ni katekista wa Katubuka, walikuja pamoja. Namba 33 ni askari aliyekuja kuandika maelezo yangu, akauegemea ubao huohuo na kuniambia, "Pole sana, mzee wangu, hawa watu hawana utu." Mahabusu yetu ina vyumba viwili, hivyo naomba waingizwe kwa zamu.

3. Huko ufukweni Bosi alikula dagaa wa Bi Mwanvua waliokuwa wameanikwa. Bi Mwanvua alipolalamika, askari alimjibu, "Mama, huyu yuko kazini." Bi Mwanvua akauliza kama na yeye akila cha mtu atahesabiwa yuko kazini. Pua iliyotoka kwenye dagaa haiwezi kumfunga mtu.

4. Nasikia huko jijini mna pia farasi, wapiga mbizi, helikopta na bendi. Mbona sisi mlituletea pua tu? Naomba vikosi vyote vije vichunguze upya. Hata bendi ina kazi: ikipiga barabarani, wanaokuja kutoa pole watasimama kuisikiliza na hawatagusa kitu.

5. Ikishindikana, anzisheni Kikosi Maalumu cha Kutoa Pole, chenye askari wavaao glavu, waliofundishwa kutikisa kichwa. Mtu akiibiwa waje wao, sisi majirani tubaki majumbani tukisubiri taarifa. Mkufunzi awe Feliksi. Sijaona anayejua kutoa pole kama yeye.

Scola anawasalimu. Imamu na katekista wanawasalimu. Bi Mwanvua anawasalimu askari peke yao.

Ni mimi ninayengoja jirani yangu arudi nyumbani,

Hamdani Mrisho

Nyongeza, 20 Machi: Asubuhi nilikwenda mahabusu kumsomea Feliksi barua hii kabla ya kuituma. Alisikiliza mpaka namba ya tano, akainama, akasema, "Mzee Hamdani, usiitume. Injini iko Mwandiga kwa shemeji yangu, chini ya magunia ya muhogo." Tumeikuta. Kwa hiyo naondoa malalamiko yote isipokuwa la tatu, na barua naituma kwa ajili ya dagaa wa Bi Mwanvua. Injini imerudi ubaoni, lakini majirani wameanza kuja tena kunipa pole, safari hii kwa ajili ya Feliksi. Nimekaa nao mlangoni, na mahali pa kuwaonyesha sina.