Keki ya Milioni Moja na Moja

Leo nimeaibika kwa kina Nekesa, na aliyeniaibisha ni namba. Mimi! Mwalimu wa hesabu. Miaka saba nafundisha hapa Rongai.

Ilikuwa siku ya kujitambulisha kwa wazazi wake, huko Nakuru. Babake akinikataa, hakuna harusi. Nekesa alikuwa ameniambia mapema, "Baba anapenda mtu makini. Beba sukari, ongea kidogo." Sukari nilibeba. (Hiyo ingine nilisahau.)

Nikabeba na keki. Juu nimeandikisha kwa rangi nyekundu: 1,000,001. Nikasimama mbele ya wazee, nikakohoa, nikasema, "Hii namba ni praimu. Haigawanyiki na kitu, isipokuwa moja na yenyewe. Hivyo ndivyo mapenzi yetu yalivyo."

Mashangazi wakapiga vigelegele. Nikaketi nikijiona nimeshaoa.

Babake, Mzee Wafula, alikuwa karani wa stoo ya reli miaka thelathini. Hakupiga makofi. Alivaa miwani.

"Umehakikisha?"

"Kabisa, mzee."

Akatoa kalenda ukutani, akaigeuza nyuma, akaomba kalamu. (Nikampa yangu. Kwa mikono miwili.) Akaanza kugawanya. Saba, kuna baki. Kumi na moja, kuna baki. Kumi na tatu. Chai ikapoa. Kuku akangoja, na aliyefaa kuombea chakula akangoja pia. Hakuna aliyethubutu kugusa chapati.

Sasa niwaambie ukweli. Mimi nilikuwa nimejaribu zile praimu zilizoorodheshwa nyuma ya daftari la wanafunzi. Orodha inaishia tisini na saba. Ilipoisha, na mimi nikaishia hapo. Namba kubwa hivyo unafaa kujaribu mpaka ukaribie elfu! Mwanafunzi akinifanyia hivyo huwa namnyima alama zote.

Tisini na saba, kuna baki. Nikapumua.

Mzee akalamba kidole, akafungua karatasi mpya. "Mia na moja," akasema.

Akagawanya. Kisha akapiga mistari miwili chini ya jibu, akanipa kalenda.

"Mwalimu, tusomee."

Nikasoma. Mia na moja mara elfu tisa, mia tisa na moja. Hakuna baki. Woi!

"Wewe ulifika wapi?"

"Tisini na saba, mzee."

"Ukabakisha praimu ngapi kabla ya hii?"

"Hakuna, mzee. Hii ndiyo ilikuwa inafuata."

Akamwangalia Nekesa, akaniangalia mimi. "Na huyu mtoto wangu siku akiwa mgonjwa, utamshughulikia mpaka wapi ndio uchoke?"

Shangazi mmoja alificha uso kwa leso, mabega yanatingika. Nekesa alikuwa anasoma sakafu. Nilitamani kuingia chini ya meza, lakini chini ya meza kulikuwa na paka.

"Kuja mwezi ujao," mzee akasema. "Na namba ingine."

Keki tulikula. Iligawanyika bila shida.

Sasa niko nyumbani na 1,000,003. Nimefika mia nne kumi na tisa na bado inabaki. Anayetaka kucheka angoje nifike elfu.