Dakika Tatu za Kuchekesha Bila Kufanana na Mtu

Redio ilitangaza saa saba mchana, na kwa kuwa ilikuwa imefumuliwa matumbo juu ya meza ya Nasser, ilitangaza kwa sauti ya mtu mwenye mafua. Hata hivyo kila aliyeketi kwenye baraza la kahawa la Maimunah, pale Kisenyi, alisikia. Wenye kamera za sinema wote wazipeleke kwa askari zikakaguliwe, mwisho Ijumaa, pamoja na filamu zilizomo. Atakayekutwa nayo baada ya hapo atahesabiwa jasusi.

Vikombe vilisimama hewani. Macho yote yakamgeukia Nasser, fundi redio, ambaye mtaa ulimwita Kapasita, kile kidude cha redio kinachotunza umeme, kwa kuwa alikuwa akijaa polepole na kulipuka ghafla.

"Si yangu," alisema Nasser. "Ni ya yule Mhindi wa vitambaa. Aliileta nimtengenezee, nikamwambia njoo wiki ijayo. Kabla ya wiki kuisha akaambiwa aondoke nchini. Sasa mwaka wa tatu."

"Ndani iko nini?" aliuliza Odoch. Huyu alikuwa polisi, akaachishwa kazi kabla ya kuvishwa utepe wa pili, ndiyo maana aliitwa Nusu Afande; Kiswahili chake kilibaki cha kambini.

"Filamu mpya. Dakika tatu. Haijapigwa kitu."

"Basi umekwisha. Kamera iko na filamu tupu, hiyo nasubiri kitu. Watauliza, nasubiri nini?"

"Niitupe mtaroni."

"Chifu wa mtaa ameshaiona," alisema Maimunah, akimmiminia kahawa isiyo na sukari, maana sukari ilikuwa habari ya zamani. "Ulimwonyesha mwenyewe, baba, ukimringia."

Nasser akaanza kujaa. Maalim Maftah, mwalimu wa madrasa aitwaye Breki kwa kuwa hakuna hoja iliyompita bila kupunguzwa mwendo, akatoa shauri. Fomu zote za serikali zina mstari wa kuuliza kazi ya kitu. Nasser aandike: kuchekesha. Na ili isiwe uongo, filamu ijazwe vichekesho kabla ya Ijumaa.

Erinayo akasimama. Alikuwa mshonaji wa Mengo, mwembamba hata akaitwa Sindano, na alikuwa na uso wa mtu aliyesubiri miaka mingi taifa limhitaji.

"Banange, jamani, ninavyo vichekesho kumi!"

"Vitapita kwangu kwanza," alisema Odoch, akageuza kiti kikawa ofisi. "Hao watu mimi najua kichwa yao. Leta."

"Cha kwanza. Mtu mnene anakaa kwenye kiti, kiti kinavunjika."

"Mnene nani?"

"Mnene tu, bwana, ssebo."

"Nchi hii hakuna mnene tu. Wanene wote iko na cheo. Lete ingine."

"Foleni ndefu. Mtu anajipanga bila kuuliza wanauza nini. Anasukumana, anapigana, anafika mbele, anakuta ni foleni ya kung'oa meno. Anang'olewa moja, kwa kuwa ameshajipanga."

Maimunah alicheka mpaka akaweka birika chini. Odoch hakucheka.

"Foleni kwa nini? Redio nasema vitu viko tele."

"Kale, sawa. Maalim avae gauni na wigi, awe mke wangu, anifukuze na mwiko."

"Mimi?" alisema Maftah.

"Wigi ni marufuku," alisema Odoch. "Atakamatwa mara mbili. Kwanza kama mwanamke na wigi. Halafu wakivua wigi, kama mwanamume."

"Basi bila wigi. Mke tu anampiga mume."

"Mdogo napiga mkubwa wake? Hiyo ni mapinduzi."

"Ya jikoni!"

"Yote naanza jikoni."

Maftah alikohoa. "Kuna mbuzi wangu. Mbuzi ni mnyama mpole. Ale kofia ya Sindano."

"Kofia ni cheo, Maalim."

"Ale shati."

"Watasema raia hana nguo."

"Basi tukae kimya dakika tatu, tunywe kahawa!" alilipuka Nasser.

"Si wewe, Maalim, nafundisha watoto kimya kingi kina mshindo? Wataona watu tano kimya, watauliza mshindo iko wapi."

"Tucheke!" alisema Nasser.

"Mnacheka nini?"

"Tulie!"

"Mnalia nani?"

Hapo pakawa na kimya, na hakuna aliyethubutu kukipiga picha. Nasser alitazama mikono yake. Aliona wazi kwamba Ijumaa ilikuwa inakuja na miguu yake yenyewe.

"Mshonaji," alisema Maimunah taratibu, "anatunga uzi kwenye sindano. Nimempulizia pilipili. Kila akikaribia tundu, anapiga chafya. Mwisho anaangukia kwenye beseni langu la vyombo."

Odoch alifumba macho. Alimpitisha huyo mshonaji katika ofisi zote alizozijua.

"Uzi rangi gani?"

"Mweusi."

"Piga."

Wakapiga alasiri ileile, jua la kiangazi likiwaka. Erinayo alipiga chafya kumi na saba, zote za kweli, na alianguka vizuri kiasi kwamba beseni halikufaa tena. Nasser alipomaliza alitaka uhakika. Redio na tepu zilikuwa zimemfundisha kutoamini mashine yoyote kabla ya kuona utepe wake umepita sawa. Akafungua kamera palepale uani, akaivuta filamu yote nje, akaikagua pima kwa pima juani.

"Sioni picha," alisema.

"Si mpaka isafishwe?" alisema Maftah.

"Kweli. Lakini haijakatika."

Akaikunja kwa uangalifu, akairudisha.

Ijumaa alikwenda, na baraza zima lilikaa likiitazama njia. Jumamosi hakuonekana. Jumapili Maimunah alikimiminia kahawa kikombe cha Nasser, akakiacha pale. Jumatatu mchana Nasser akatokea kwa miguu, bila kamera, ana karatasi yenye mhuri. Alikaa, akanywa, ndipo akasema.

"Waliisafisha wenyewe. Wakanizimia taa. Ukutani pakawa peupe. Peupe, dakika tatu nzima, kama shuka ya hospitali. Jua la uani lilikuwa limezila picha zote. Mkubwa akaniuliza, hii ni nini? Nikasema, vichekesho, afande."

"Yarabi," alisema Maftah.

"Akawageukia walio chini yake. Mmeona mtu hapo anayefanana na mtu? Wakasema hapana, afande. Mmeona foleni? Hapana. Kofia? Hapana. Mmecheka? Wakatazamana, mmoja akasema, kidogo, afande. Akasema ndiyo filamu ya kwanza aliyoletewa isiyo na kosa. Akagonga mhuri. Kamera wamebaki nayo, wajifunze."

Odoch aliishika ile karatasi, akaisoma mbele na nyuma, akairudisha kwa mikono miwili.

Erinayo peke yake hakuridhika. Goti lake lilikuwa bado limefungwa kitambaa, na pua ilikuwa nyekundu.

"Na mimi je, Fundi? Kuanguka kote kule? Nilionekana vipi?"

"Hukuonekana, Sindano," alisema Nasser. "Ndiyo maana uko hapa."

Erinayo alifikiri kidogo, akaomba kikombe cha pili.