Vimeng'enya Vyenye Mimba

Elimu haina mwisho, wanasema wahenga. Ya Waldemiro haikuwa hata na mwanzo. Lakini siku aliyomsikia Mzee Anacleto akilalamika sokoni Piracicaba kwamba makapi ya miwa yanamjazia ua bure, papo hapo akawa daktari wa sayansi.

Jumamosi akaegesha pikipiki yake uani kwa mzee huyo, mpika kashasa, ile pombe kali ya miwa, aliyevuma kwa upishi wake na kwa uchoyo. Akatoa chupa ya vipunje vyeupe. Ilikuwa sagu tu, wanga wa muhogo, ule wanaoupika na divai ukaliwa baada ya chakula.

"Mzee wangu, hivi ni vimeng'enya. Vinatafuna makapi, vinayageuza sukari. Ukivimwaga vivi hivi vinapotelea majini. Sisi tumevifunga kwenye shanga! Sukari inatoka, vyenyewe vinabaki. Unavisuuza, vinarudi kazini."

"Havidai mshahara?"

"Wala likizo."

Mzee akameza mate.

Daktari akachemsha maji, akatia makapi, akatia shanga, akakoroga kwa madaha huku sukari aliyoificha kwenye mkono wa shati ikimwagika kimyakimya. Mzee akaonja. Tamu!

"Haya, suuza, urudie."

Hapo jasho likamtoka Waldemiro, maana mkono wa shati ulikuwa mtupu. Na balaa halijaisha: mle sufuriani vipunje vilikuwa vimefura, vinateleza kama macho ya samaki.

"Daktari, mbona vimenenepa?"

"Vina... vina mimba, mzee."

Hata kuku wa pale uani waliacha kuchakura.

"Mimba!" Mzee akapiga makofi. "Basi vitazaa! Nachukua vyote. Nakupa pipa la kashasa ya marehemu baba, halijafunguliwa tangu nioe. Ila pikipiki iache rehani mpaka vijifungue. Mimba huharibika, daktari."

Pipa kama lile lingenunua pikipiki tatu. Waldemiro akakabidhi ufunguo chapuchapu, mzee asije akageuza nia, akalisukuma pipa mlimani, mgongo ukimlia, mpaka kwenye baa ya Neide.

"Dada, leo nakuletea urithi wa kifalme," akasema, akajimiminia glasi na kupiga funda.

Maji. Maji matupu, yametiwa rangi kwa sukari iliyoungua. Neide alikuwa akimtazama. Waldemiro akafumba macho.

"Aaah! Inachoma hadi kisogoni!"

"Inachoma?"

"Moto mtupu, dada yangu."

"Ajabu," Neide akasema, mikono kiunoni. "Pipa hili mzee aliniuzia mimi mwaka jana. Nimemrudishia juzi, mbu walipoanza kuzaliana ndani."

Waldemiro akakimbilia mlangoni kutema. Barabarani ikapita pikipiki yake ikinguruma, Mzee Anacleto kaishika usukani, na mkewe nyuma kakumbatia sufuria ya sagu, analamba mwiko.