Mgomo wa Chapati wa Blaine

Jumapili, 7 Agosti 2016

Nimekasirika mpaka nimeshindwa kula. (Nilikula kidogo.) Baada ya ibada tulikaa kikao cha Umoja wa Wakenya wa Miji Pacha hapa Minnesota kupanga pikiniki ya mwaka. Alfred, mwenyekiti wetu, mtu wa kitongoji cha Hopkins, akasimama tumbo mbele na kutangaza kwamba pikiniki itakuwa Hopkins. Tena! Mwaka wa sita mfululizo! Halafu akagawa kazi. Kina mama wa huku kwetu Blaine, kaskazini mwa jiji, na wa Crystal: chapati mia sita. Watu wa Hopkins: barafu.

Barafu!

Na watu wakapiga makofi. Mke wangu Kemunto, ambaye ndiye jemadari wa chapati, aliinamisha kichwa tu. Mimi damu ilinichemka. Hali hii naijua. Kabla ya kuja Minnesota niliishi miaka mitano Barnsley, kaskazini mwa Uingereza, nikihudumia wazee. Kila asubuhi nilimwogesha Mzee Ernest, mchimba makaa mstaafu, na kila asubuhi alinifundisha siasa akiwa na sabuni masikioni. Kaskazini ilichimba makaa. Kaskazini ilifua chuma na kufuma nguo za dunia nzima. Kusini iliota moto na kukalia serikali. Sasa mtu aniambie hiyo ina tofauti gani na Blaine na Hopkins.

Uchaguzi wa mwenyekiti ni siku hiyohiyo ya pikiniki, tarehe 20. Nimeamua. Nagombea! Pikiniki inakuja Blaine, na kiti kinakuja Blaine.

Jumatatu, 8 Agosti

Nimeamka na kauli mbiu: KASKAZINI KWANZA! Nimeitoa sandukuni kofia bapa ya sufu niliyoachiwa na Mzee Ernest. Nimeivaa kwenda kazini, kwenye nyumba ya wazee. Joto lilikuwa nyuzi tisini na mbili za Fahrenheit. Muuguzi mkuu aliniuliza kama najisikia vizuri. Nilimwambia sijawahi kujisikia vizuri hivi.

Jioni nilimsomea Brandon, mwanangu, hotuba yangu yote. Ana miaka kumi na minne. Akanionyesha ramani kwenye simu na kunijibu kwa Kiingereza kwamba Hopkins haiko kusini, iko magharibi. Nikamwambia Kusini si upande wa ramani. Kusini ni tabia.

Jumatano, 10 Agosti

Wazo limenijia nikimkata mzee mmoja kucha za miguu. Nusura nimkate kidole. MGOMO! Mzee Ernest na wenzake waligoma mwaka mzima, nchi nzima ikatetemeka. Nguvu ya Kaskazini ni kazi yake. Na kazi yetu sisi ni nini? Chapati!

Wakati wa mapumziko nikaandika kwenye kundi la WhatsApp la Umoja, watu mia moja na arobaini: kuanzia leo kina mama wa Kaskazini wameweka chini vijiti vya kusukumia. Hakuna kukanda, hakuna kusukuma, mpaka pikiniki ije Blaine. Kina mama wenyewe nilikuwa sijawauliza. Uongozi ni kuona mbali.

Kemunto alirudi kutoka shifti saa kumi. Niliposikia gari nikajifungia chooni. Akagonga mlango. Nikangoja matusi. Badala yake nikasikia kicheko, cheko la kutoka tumboni, halafu akasema nitoke anipe mkono. Miaka kumi na sita ya ndoa hajawahi kunipa mkono! Dakika kumi baadaye Velma, shoga yake wa mtaa wa pili, alifika akaniita “comrade” na kusema, “Baba Brandon, hii umetuweza. Tuko strike, bana!” Chanda chema huvikwa pete.

Nimetengeneza bango. Herufi nyekundu, mpini wa deki: HATUSUKUMI! Nimelisimamisha gareji nikalitazama kwa muda mrefu. Ni kazi nzuri sana.

Ijumaa, 12 Agosti

USHINDI! Alfred amepiga simu saa tatu asubuhi, sauti imelainika kama samli. Kamati imekaa. Pikiniki itafanyika Blaine, kwenye bustani iliyo karibu na kwetu, mradi chapati ziwepo. Siku mbili tu! Mzee Ernest mwaka mzima na hakupata kitu. Mimi siku mbili!

Nikamkimbilia Kemunto jikoni. Nikamwambia mgomo umeisha, akanunue unga. Akaendelea kukata sukuma wiki. Akasema mgomo haujaisha. Nikamwambia tumepata tulichotaka. Akasema nimepata nilichotaka mimi. Kumbe jana walikutana kwa Velma, wanawake kumi na wanne wa Blaine na Crystal, na wana dai lao moja: mwaka huu anayekula chapati aikande mwenyewe. Mume kwa mke, Hopkins kwa Blaine.

Nilijaribu historia. Nikamweleza Mzee Ernest alivyokuwa akisema kwamba wagomaji ni lazima wamsikilize kiongozi. Akaniuliza wagomaji hao mwaka mzima walikuwa wanapikiwa na nani. Nikasema wake zao. Walifungua jiko ukumbini, wakilisha watu mia tatu kwa siku. Aliniangalia tu mpaka nikatazama dirishani.

Halafu akasema jambo jingine, polepole. Tangu pikiniki ya mwaka jana hawezi kulalia bega la kushoto. Na kazini kila siku anainua wagonjwa kwa bega hilohilo. Tunalala kitanda kimoja na sikujua! Niliona haya, haya ya kweli, kwa dakika kama nne hivi. Ndipo nikakumbuka kwamba Crystal bado haijaamua itampigia nani kura.

Jumapili, 14 Agosti

Crystal inanitia wasiwasi. Ni kama yale majimbo ya katikati ya Uingereza, si Kaskazini si Kusini, na ndiyo yanayoamua kila kitu. Leo Alfred alisimama mlangoni mwa kanisa akisalimia kila mtu wa Crystal kwa mikono miwili. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema pikiniki bila chapati si pikiniki, ni kikao cha kamati. Wakacheka. Mama mmoja wa Crystal, ambaye majuzi aliniahidi kura tatu za nyumba yake, alicheka mpaka akashika ukuta.

Wakati wa matangazo nikainua mkono. Nikasimama. Nikavua kofia, jasho likashuka. Nikasema kwa sauti ya kutikisa madirisha kwamba chapati zitakuwepo! Mia sita! Mimi Zachariah naahidi! Makofi yalikuwa mengi. Kemunto, kwenye kwaya, hakupiga.

Hakuna aliyeniuliza zitatoka wapi. Vizuri. Nitazipika mwenyewe, kwa siri, gareji. Ni unga, maji, chumvi na mafuta. Mimi nimesoma chuo.

Jumatano, 17 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Nilichukua ruhusa kazini. Kemunto alipoondoka saa kumi na moja na nusu nikashusha mlango wa gareji. Jiko la gesi tayari. Magunia mawili ya unga. Eproni yake ya maua. Kofia. Nilikuwa na furaha ya ajabu, nilikuwa naimba! Hesabu yangu ilikuwa chapati moja kwa dakika, muda wa saa kumi tu, kazi imekwisha.

Unga ulininata mpaka viwikoni. Nikaongeza unga. Ukawa mgumu. Nikaongeza maji. Ukanata tena. Nikaanza kusukuma. Chapati ya kwanza ilikuwa na umbo la Minnesota kamili, pamoja na ile pembe inayochomoza juu ya ramani. Ya pili iliungua. Ya tatu niliiangusha sakafuni na ikalia ko! Kufika saa sita nilikuwa na chapati kumi na moja, na bega langu la kushoto lilikuwa limekufa ganzi.

Moshi ukazidi. King'ora kikalia. Nikainua mlango kidogo tu, kipimo cha mkono, moshi utoke.

Velma alikuwa anapita na gari. Alisimama. Aliinama akachungulia. Akaona viatu vyangu, akaona unga, akapiga picha. Katika nusu saa kina mama saba walikuwa wamekaa kwenye viti vya kukunja mbele ya gareji yangu, na katikati yao wamesimamisha bango, ambalo kumbe Kemunto alilipeleka kwa Velma siku ya mkutano wao. HATUSUKUMI! Herufi zangu mwenyewe! Walipiga vigelegele kila nilipojaribu kutoka. Velma alinipigia kelele kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Jirani yetu Mzungu alivuka barabara kuuliza kama kuna msiba. Wakamweleza. Akaenda nyumbani kwake akarudi na jagi la maji ya ndimu na sahani ya keki, akawapa wao. Mimi hakunipa hata kipande.

Saa kumi Kemunto alifika, bado amevaa sare ya kazi. Alipita katikati ya viti. Alinitazama, eproni, unga kwenye nyusi, kikaango mkononi. Nikajaribu kutabasamu. Akasema neno moja, lile ambalo wachimba makaa wa Barnsley waliwaita waliorudi kazini wakati wenzao wamegoma. Mimi ndiye niliyemfundisha. “Scab,” akasema, akaingia ndani.

Alhamisi, 18 Agosti

Haniongeleshi. Ananisemesha kupitia Brandon. Mwambie baba yako chakula kiko mezani. Brandon anatafsiri kwa Kiingereza ingawa nimesikia. Nimeomba msamaha mara tatu kupitia Brandon. Mara ya tatu amesema amechoka, anaenda kwa rafiki yake.

Mzee Ernest alikuwa na kaka yake, mtaa uleule, nyumba ya nne. Kaka yake alirudi mgodini mgomo ukiwa mwezi wa tisa kwa sababu watoto walikuwa na baridi. Hawakusalimiana tena. Miaka ishirini! Yule kaka alikufa nikiwa kule, na Mzee Ernest hakwenda kuzika. Siku ile sikumwogesha kwa sababu alikataa kuinuka kitandani. Miaka yote nimekuwa nikisimulia habari hiyo kwenye sherehe kama mfano wa msimamo wa watu wa Kaskazini. Watu hupiga makofi. Leo nimekaa gareji na chapati kumi na moja na nimeogopa. Kwa kweli nimeogopa sana.

Jumamosi, 20 Agosti

Magari yalianza kuingia saa nne. Hopkins nzima Blaine! Kwa dakika tano nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Marekani. Kisha watu wakaanza kuuliza chapati ziko wapi. Alfred alisimama kando ya masanduku yake tisa ya barafu akinitazama kwa huruma ya uongo.

Nikapanda juu ya benchi. Nilikuwa na hotuba. Nikasema ukweli badala yake, sijui ulitoka wapi. Nikasema hakuna chapati, niliahidi kitu ambacho si changu, niligomesha watu bila kuwauliza kisha nikauvunja mgomo wao. Mtoto mmoja akaanza kulia kwa njaa.

Hapo Kemunto akasimama, akafungua gari la Velma. Magunia ya unga! Akayaweka mezani. Akatangaza kwamba anayetaka chapati anawe mikono, na wanaume wa Hopkins watangulie. Alfred akacheka. Hakuna aliyecheka naye. Akavua koti, akakunja mikono ya shati, akakanda! Baada ya saa moja watu wazima zaidi ya mia moja walikuwa wamejaa unga mpaka kwenye nywele, wakibishana ya nani ni ya duara. Ilikuwa pikiniki bora kuliko zote. Chapati nyingi hazikulika.

Kura zikapigwa kwa vikaratasi. Velma akampendekeza Kemunto. Kemunto akakataa, wakamshangilia, akakubali. Matokeo: Kemunto themanini na nane. Alfred thelathini na moja. Mimi mbili.

Mbili! Moja ni yangu. Nikarudi nyumbani nimebeba kofia mkononi, najiuliza ya pili ni ya nani. Kemunto alikuwa anaendesha. Tulipofika taa za barabarani akasema, bila kunitazama, ya kwake. Ndilo neno la kwanza aliloniambia tangu Jumatano. Nikamwuliza kwa nini, na yeye mwenyewe alikuwa mgombea. Akasema alijua hakuna mwingine atakayenipa, na hakutaka nirudi nyumbani na moja. Nililia mpaka tukafika.

Jumapili, 21 Agosti

Siku mpya! Nimelala vizuri (upande wa kulia, nimemwachia yeye upande anaoutaka). Nimeifikiria sana ile kura. Mwenyekiti mwenyewe ananiunga mkono! Hiyo si huruma, ni dalili ya kisiasa.

Baada ya ibada Mwenyekiti Kemunto akatangaza kamati za sherehe ya Desemba. Mimi na Alfred tumewekwa pamoja, na wanaume wengine wanane. Kamati ya kuosha sufuria. Tumeanza leo na zile za jana. Unga ukikauka ni saruji. Tulisugua saa mbili, mimi na Alfred bega kwa bega, wengine wote wamekaa nje wanakunywa chai. Wanakunywa chai! Nikasimama na brashi mkononi. Nani anasugua? Nani anakaa? Nikaiona Kaskazini mpya mbele ya macho yangu, na Alfred mle ndani yake!

Nikamwambia kila kitu. Kuanzia kesho hatuoshi hata kijiko. Alfred akafikiri, akasema wazo si baya, akauliza kama wale wenzetu wanane wamekubali. Watu wa Hopkins hawajui uongozi. Nikamwambia hakuna haja ya kuwauliza, watalisoma kwenye WhatsApp. Nimeshalituma.