Foleni ya Kukodi

Jumatatu, 10 Machi

Siku mbaya. Madam Millicent, mkubwa wangu, amepiga simu kutoka makao makuu ya Sacco yetu ya akiba na mikopo, Homa Bay. Anasema wanachama siku hizi wanaweka na kutoa pesa kwa simu, kwa hivyo tawi lisilo na watu litafungwa mwisho wa mwezi. Anakuja Alhamisi kujionea tawi langu la Ndhiwa. Nimemwambia hapa watu wanasongamana. Nilikuwa nikitazama benchi tupu.

Mteja wa leo: Mama Pamela, muuza njugu. Peke yake. Hajui kusoma. Huja ili nifunge mlango nimwambie salio lake kwa sauti ya chini, maana shemeji zake wakisikia ana akiba wataimaliza kwa mikopo isiyorudi. Ananiita wuoda, mwanangu. Hakuna mwingine anayeniita vizuri katika mji huu.

Dolphine, keshia wangu, nimemfumania akiweka akiba yake kwa simu. Keshia! Ameketi dirishani kwake! Anasema ni haraka zaidi.

Jumanne, 11 Machi

Nimetangaza chai ya bure kwa kila atakayeingia. Wameingia. Hakuna hata mwanachama mmoja. Fanuel, wakala wa pesa za simu ng'ambo ya barabara, amekunywa vikombe viwili, akasifu tangawizi, kisha akarudi kibandani kwake kuwahudumia wanachama wangu. Sukari imeisha. Namchukia Fanuel.

Jumatano, 12 Machi

Nimepata! Boaz, mwenyekiti wa watu wa boda, atanikodishia foleni. Vijana wake watajipanga mlangoni kesho tangu asubuhi. Nimewalipa kwa pesa ya mabati ya jikoni kwa mama yangu. Mama ataelewa. Nimewaonya wasimwambie mtu kwamba wamelipwa. Wakiulizwa, wanyamaze. Nyuso ziwe za watu wenye shida ya kweli. Boaz amesema hiyo si kazi, nyuso zenyewe ni hizo hizo walizo nazo.

Leo nina matumaini. Sijazoea.

Alhamisi, 13 Machi

Mungu wangu.

Asubuhi foleni ilifika hadi kwenye kinu cha posho. Nilitaka kulia kwa furaha. Kisha muuza nyanya mmoja akauliza kuna nini. Vijana wakanyamaza, nyuso za shida, kama nilivyoagiza. Akauliza tena. Wakatazama chini. Mama wa watu akaacha nyanya zake, akakimbia kuwaambia wenzake kwamba Sacco inaanguka, kila mtu awahi chake.

Wakaja! Wanachama halisi, wengine na majembe mkononi. Simu nazo zikakwama kwa sababu wote walikuwa wakitoa kwa pamoja. Fanuel alifunga kibanda akapanga foleni. Boaz, aliyejua ukweli wote, alikuwa wa pili dirishani. Nilimkumbusha kwa ukali kwamba hii foleni ni yake mwenyewe. Akasema anajua, lakini watu wengi hivi hawawezi kukosea.

Pesa zikaanza kuisha. Ndipo Mama Pamela akapenya, mkononi ameshika leso yake ya pesa. Alikuja kuweka! Watu wakamcheka, wakamsihi arudi nyumbani. Akasema anamjua kijana wa humu ndani. Dolphine akapokea noti zake na papo hapo akamkabidhi mtu aliyefuata. Zilikuwa za mwisho.

Madam Millicent akafika. Akasema hajawahi kuona tawi lenye watu wengi namna hii. Hakuwa anacheka.

Jumamosi, 15 Machi

Hakuna aliyepoteza hata shilingi. Jana simu zilifunguka, watu wakaona pesa zipo, wakarudisha walizotoa. Kwa simu. Tawi limefungwa bila kungoja mwisho wa mwezi. Fanuel ameteuliwa wakala rasmi wa Sacco. Amechukua na kiti changu, kile kinachozunguka.

Mama Pamela alikuja akatukuta tunapakia benchi kwenye pikapu. Ikabidi avuke barabara. Fanuel akamsomea salio kwa sauti ya mnada. Soko zima limejua. Mama Pamela akaifunga leso yake, akaondoka. Nimeona aibu, aibu ya kweli. Chakula kimenishinda.

Jumatano, 26 Machi

Homa Bay. Hawakunifuta kazi, sijui kwa nini. Nimewekwa kwenye meza ya kupokea simu za wanachama. Kimya kabisa. Leo Madam Millicent amesema simu zisipoongezeka, mashine itajibu badala yangu.

Mama Pamela amepiga saa saba, kwa simu ya jirani. Shemeji zake wote wamekaa sebuleni kwake tangu asubuhi, wanataka kukopeshwa. Akasema, "Wuoda, wewe ndiye unajua maneno ya ofisi. Ongea na hawa watu, waambie hiyo pesa imefungwa." Ningeweza. Dakika mbili tu zingetosha. Nimemwomba radhi, akate haraka, ninahitaji laini iwe wazi.

Boaz na vijana wake wanaanza kupiga saa nane. Nimewaagiza waseme pesa zao hazionekani. Sauti ziwe za hofu kidogo.