Neema na Baraka Hawali Tangu Jumapili

Leo nimeaibika. Tena si mbele ya mtu mmoja. Mbele ya jumuiya nzima, na muuguzi juu yake.

Ngoja nianze asubuhi.

Mke wangu, Mama Aika, yuko Machame wiki ya pili sasa, anamuuguza mama yake. Mimi nimebaki peke yangu hapa Ngaramtoni na samaki wake. Ndiyo, wake. Mimi nilichimba tu bwawa nyuma ya nyumba, nikapiga simenti, nikaumia kiuno. Samaki ni wa mwenyewe. Sato kumi na wawili, na wawili wakubwa kawapa majina: Neema, mwenye doa mgongoni, na Baraka, mnene, mlafi kupindukia. Kila asubuhi anawamwagia chakula akiwaita, "Njooni kwa mama, wanangu." (Mimi chai yangu naikuta mezani, bila hotuba.)

Siku anaondoka alinishika mkono akaniambia, "Nikirudi niwakute." Hakusema "nikukute". Aliwataja wao.

Sasa Julai ya huku mnaijua. Mlima hatujauona siku kadhaa, mawingu yameukalia kama kuku kwenye mayai. Na tangu Jumapili samaki hawaji juu. Namwaga chakula, kinaelea, kinalowa, kinazama. Hata Baraka!

Leo saa moja asubuhi nikatoka kuwaangalia. Nilivaa sweta mbili, na juu yake gauni la asubuhi la mke wangu, lile la pinki lenye manyoya (baridi haichagui mwanamke wala mwanaume). Nikalala kifudifudi ukingoni, nikachungulia. Wote wako chini kabisa, wametulia tuli. Nikamwona kichwani mwangu Mama Aika anashuka kwenye gari, anauliza wanawe wako wapi.

Nikachukua simu. Nina kundi la wafugaji wa samaki linaitwa Maji Hai. Nina pia kundi la jumuiya yetu ya maombi hapa mtaani, linaitwa Maji ya Uzima. (Mmeshaona tunakokwenda. Mimi sikuona. Miwani ilikuwa ndani.)

Nikaandika ujumbe, naunukuu kama ulivyo:

"Ndugu zangu naomba msaada wa haraka. Neema na Baraka hawali tangu Jumapili. Leo nimewakuta wamelala, hawasogei, midomo tu ndiyo inachezacheza. Mama yao ameniachia na yuko mbali. Naogopa nitawapoteza."

Nikatuma. Nikaweka simu kwenye chaji, nikaenda jiko la uani kuchemsha maji. Wazo langu lilikuwa jema: niwaongezee ya moto kidogo, wapate joto.

Lazima niwaambie kwamba mimi ni mwalimu mstaafu, na tumehamia hapa mwezi wa nne tu. Majirani wanajua tuna watoto wakubwa walioko mbali, na wanajua shule zimefungwa. Kwa hiyo waliposoma ule ujumbe, kila mmoja alielewa jambo moja: Mwalimu kaletewa wajukuu likizo, na wajukuu wanakufa.

Ndoo yangu ndiyo kwanza inafuka moshi, nikasikia geti. Mama Elibariki, jirani wa upande wa chini, anaingia mbio na chupa ya uji na blanketi begani. Mwanamke mwenye adabu zake, lakini leo hata shikamoo hakunipa.

"Mwalimu, wako wapi?"

Nikajua kasikia habari za samaki. Nikafurahi. Majirani wema jamani!

"Wako kule nyuma."

"Nyuma? Nje? Na baridi hii?"

"Sasa niwaweke wapi, mama? Ndani si watakosa hewa?"

Akanitazama. Akalitazama gauni la pinki. Akarudi hatua moja.

"Umewafunika lakini?"

"Tangu jana. Nimewafunika na nailoni."

Alipiga yowe ambalo nadhani hata mtaa wa Sakina walilisikia. Hapo hapo wakaingia wengine: Mwinjilisti na Biblia yake, akinamama wanne, na Sista Namayani, muuguzi wa zahanati, kabeba mkoba wa dawa.

"Kawafunika na nailoni!" Mama Elibariki analia. "Wajukuu wake!"

Mimi hilo la wajukuu halikuingia kichwani. Nilikuwa natafuta kitambaa cha kushikia ndoo.

"Mwalimu, hayo maji ya nini?" Sista akaniuliza, taratibu, kama mtu anayeongea na mbwa asiyemfahamu.

"Nataka nikawamwagie."

"Yanachemka!"

"Ndiyo maana nawahi, yasipoe."

Kilichofuata kilikwenda haraka. Sista akaipiga ndoo teke, maji yote yakamwagika uani. Mwinjilisti akanikumbatia kwa nyuma, kwa nguvu za Bwana na za kwake mwenyewe, huku ananiambia sikioni, "Tulia mzee wangu, tulia, shetani ashindwe." Akinamama wakakimbilia nyuma ya nyumba.

Nikawasikia wanazungukazunguka, wanatafuta.

Kisha sauti ya Mama Elibariki: "Mwalimu... huku mbona kuna bwawa tu?"

"Si ndimo walimo!" nikajibu, bado nimebanwa.

Mwinjilisti akaniachia polepole. Tukaenda wote, nikaifunua nailoni. Mwinjilisti akainama juu ya maji, Biblia kwapani, akauliza kwa heshima, "Neema ni yupi?"

"Yule mwenye doa."

Sista Namayani alikaa chini kwenye nyasi zenye umande, akacheka mpaka mkoba ukamponyoka. Alipopata pumzi akaniambia, "Mwalimu, hawa si wagonjwa. Wana baridi. Maji yakipoa sato hali, anakaa chini anasubiri jua. Nyumbani kwetu tunao. Ungewamwagia ile ndoo ungekula supu." Kisha akaongeza, "Hivi wewe ulikuwa unafundisha somo gani?"

Sayansi. Miaka thelathini. Sura ya wanyama wenye damu baridi naijua kwa moyo.

Nikakimbilia simu, angalau niombe radhi kundini. Nikakuta Mama Aika kanitangulia. Naye yumo kwenye lile kundi la maombi! Alikuwa kaandika dakika mbili tu baada yangu: "Wapendwa msihangaike, hao ni samaki wangu. Mwalimu ni mzima, tatizo ni miwani." Hakuna aliyesoma. Wote walikuwa wameshatoka mbio.

Nikadhani wataondoka wamenuna. Wapi! Mwinjilisti akasema tumeshakusanyika, ni vibaya kutawanyika bila neno. Tukasimama kuzunguka bwawa, akawaombea viumbe vyote vya majini, na mwenye nyumba hii apewe ufahamu. "Amina" ya akinamama hapo ilikuwa ndefu kuliko kawaida. Kisha tukanywa uji wa wagonjwa, mtamu kweli, tukakaa tukipiga soga hadi saa tano. Miezi mitatu hapa na nilikuwa sijawahi kupata wageni wengi hivyo.

Saa saba mchana jua likatokeza mawinguni. Baraka akapanda juu, akatema mapovu mawili, akashuka zake.

Cheka, lakini cheka ukiwa kwako. Mimi nimejifunza moja tu: Julai samaki akinyamaza, na wewe nyamaza.