Ushahidi wa Mtambo wa Simu

Jumatatu, 24 Machi 1997

Saa nne asubuhi mtambo wa simu umeanguka. Dakika kumi na moja mji mzima bubu. Furaha iliyoje! Zamu ilikuwa ya Tsvetana. Ijumaa Mhandisi Blagoy anateua msimamizi mpya wa mafundi, na tumebaki wawili: yeye mwenye miaka sita kazini, na mimi Penko mwenye kumi na tisa. Kumi na tisa! Na bado ananiita babu mbele za watu.

Mtambo ukianguka humwaga kumbukumbu yake kwenye diski kabla ya kuzinduka. Nimekagua. Imo: amri mbovu, kutoka kompyuta namba mbili, ya Tsvetana. Ila imehifadhiwa nusu tu, ndivyo mtambo ulivyopangwa. Blagoy atasema nusu si ushahidi. Nimebadilisha mpangilio, sasa utahifadhi yote. Shida moja: ni kuanzia utakapoanguka tena. Basi lazima uanguke tena.

Jumanne, 25 Machi

Sikukuu ya mtakatifu wa jina la Blagoy. Kwa desturi yetu haalikwi mtu, wanakuja wote. Mchana kituo kizima kilijazana ofisini kwake, samaki wa kukaanga na pombe kali ya rakia. Nikajipenyeza kwenye kompyuta ya Tsvetana. Saa sita na dakika tano nikaandika amri ileile mbovu. Mtambo chali! Kumbukumbu yote ikaingia diskini. Kazi safi, najisifu mwenyewe maana hakuna mwingine wa kunisifu.

Samaki nimekuta miiba.

Jumatano, 26 Machi

Nimempelekea Blagoy kumbukumbu hiyo, imechapwa karatasini, mbele ya wote. Akauliza amri ilitoka saa ngapi. Nikatangaza: saa sita na dakika tano, kompyuta ya Tsvetana!

Tsvetana akacheka. "We babu Penko, saa hiyo si nilikuwa nimemshikia bosi sahani, anaongea na mama yake?"

Kweli. Bibi wa watu alikuwa anamtakia mwanawe heri, simu ikakatika. Blagoy akauliza nani hakuwepo kwenye samaki. Wote wakanigeukia. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikadai waangalie kumbukumbu ya Jumatatu. Haipo! Diski ina nafasi ya moja tu. Yangu, nzima na nono, imeifuta ya kwanza.

Ijumaa, 28 Machi

Tsvetana ndiye msimamizi. Mimi nimeshushwa chini ya jengo, kutunza betri za mtambo. Alinipa mkono, akanisihi nivae sweta maana huko kuna baridi. Huruma yake inauma kuliko tusi. Miaka kumi na tisa, kisha sweta!

Lakini nimekagua. Betri ya kumi na nne imepungua maji, na karatasi ya ukaguzi wa Februari ina sahihi ya nani? Yake! Safari hii sifanyi haraka. Betri moja si ushahidi. Nimemwaga maji ya nyingine tano.